Rav4 inatosha kwenda kulala hema Usambara? Jibu kwa dada wa Tanga

SWALI: Shikamoo kaka. Mie niko Tanga mjini, nina Rav4 ya zamani, fowili, gia otomatiki, na dereva ndo mie mwenyewe. Shule zikifungwa mwezi wa sita nataka twende na mume wangu, mtoto wetu wa miaka saba na rafiki yangu mmoja, tupande Lushoto tufike hadi kule vijiji vya Mambo au Mtae, tulale hema usiku mmoja, tupite njia za vumbi bila haraka. Kaka yangu anasema bila Landikruza tusithubutu. Je gari inatosha? Na tujipange vipi, mtoto tumchukue au tumwache kwa bibi yake?

JIBU: Marahaba dada. Nimelisoma swali lako mara mbili na kilichonifurahisha ni hilo neno "bila haraka". Mie hiyo milima nimeipanda na kuishuka miaka kumi na tisa sasa, kwanza na gari ya mboga halafu na wageni, na nikikumbuka safari zote zilizoharibika sikumbuki hata moja iliyoharibika kwa sababu gari ilikuwa ndogo, ziliharibika kwa sababu muda uliisha, watu wamechelewa kuondoka, giza likawakuta njiani, dereva kachoka, mtoto analia njaa, na hapo ndo mtu anafanya kosa. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, Rav4 yako inatosha, ila inatosha kwenye njia kavu na kwa mwendo wake, na siku yenyewe uipange kwa saa za jua, usiipange kwa kilomita.

Kaka yako lakini usimdharau, ana hoja. Landikruza, au hata zile Escudo za zamani, zina kitu ambacho Rav4 haina, nacho ni gia ndogo, ile ukishaiingiza gari inatambaa mwendo wa mtu anayetembea huku injini ina nguvu zote na wala hujagusa breki. Rav4 ni fowili kweli, inavuta kwa magurudumu yote manne, lakini gia ndogo hakuna. Sasa wengi wanadhani upungufu huo utawaumiza kwenye kupanda. Kwenye kupanda utajikongoja tu, injini itanguruma, itapungukiwa nguvu kidogo maana kila mita 1,000 unazopanda injini isiyo na tabo (ile pampu ya kuisukumia injini hewa) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, lakini utafika. Penye shida ni kushuka. Landikruza kwenye gia ndogo inajizuia yenyewe, Rav4 inaachia kazi karibu yote kwenye breki, na breki ya gari ndogo yenye watu wanne na mizigo kwenye mteremko mrefu inachemka haraka kuliko unavyofikiria.

Hapa nikusimulie kidogo maana sitaki ulichukulie jepesi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nashuka na pikapu imejaa kabichi, nimeshapita Soni naelekea Mombo, lami nzuri kabisa, asubuhi, hakuna mvua. Siku mbili kabla nilikuwa nimetoka gereji na fundi aliniambia breki ziko safi. Nikawa nimekanyaga pedeli kidogo kidogo muda wote, ile ya kuigusa tu isikimbie, na nilianza kusikia harufu kama ya nywele zinazoungua nikadhani ni ya lori la mbele. Kona ya tatu baada ya hapo pedeli ikashuka mpaka chini kama nakanyaga godoro. Nikarudisha gia ya pili, nikarudisha ya kwanza injini inalia, nikaiegemeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima mpaka ikasimama. Hakuna aliyeumia, ubavu wa kushoto ulikwaruzika wote. Baadaye nikaja kujua kuwa oili ya breki ilikuwa ya zamani mno, na oili ya breki kadiri inavyokaa inavuta unyevu wa hewani, breki zikipata moto yale maji yaliyomo ndani yanachemka yanakuwa mapovu, na ukikanyaga unakuwa unabana mapovu tu. Kwa hiyo kabla ya safari, dada, usiulize tu "breki ziko sawa?", mwambie fundi afungue magurudumu yote manne uzione pedi kwa macho yako, na oili ya breki kama ina zaidi ya miaka miwili imwagwe yote iwekwe mpya. Ni hela ndogo.

Na namna ya kushuka ni hii. Unaingiza gia kabla mteremko haujaanza, sio katikati umeshaanza kukimbizwa. Kwenye otomatiki yako toa D weka 2, na pale pakali kabisa weka L, sikia injini inavyoshikilia. Breki inakanyagwa kwa nguvu kidogo, mwendo unashuka, unaiachia kabisa ipumue, halafu unarudia tena, kamwe usiache mguu umelala juu ya pedeli. Ukisikia harufu ile niliyokwambia simama mahali tambarare, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, shukeni mnywe chai nusu saa, na usimwage maji kwenye breki za moto maana diski inaweza kupinda au kupasuka. Hiyo nusu saa ndo siku tulivu yenyewe uliyoitaka, wala hujapoteza kitu.

Sasa ratiba. Nakushauri Ijumaa mtoke Tanga mchana, mpite Segera na Korogwe, mfike Mombo kabla ya jua kuzama, mpande mlale Lushoto kwenye gesti, kitanda na blanketi. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, lami yote, mnapita Soni pale kwenye maporomoko, na mnatoka kwenye joto la bondeni mnaingia kwenye baridi ya mita kama 1,400 ndani ya saa moja. Watu wengi wa Tanga wanataka kufanya yote siku moja, watoke saa kumi na moja alfajiri wafike Mtae wafunge hema. Inawezekana, ila utafika umechoka na utakuwa umeendesha milima siku nzima, hiyo sio mapumziko.

Jumamosi amkeni, mpate chai nzito, jazeni mafuta hapohapo Lushoto mpaka tenki lijae. Huko mbele utakuta petroli kwenye madumu na chupa lakini usiitegemee, na ujue gari ikienda gia za chini mlimani inakula mafuta vibaya mno, hesabu ya mjini haifai. Kutoka Lushoto mnapanda Magamba, halafu Lukozi, halafu mnaendelea mpaka Mtae, jumla ni kama kilomita 60. Sasa ukisikia kilomita 60 usije ukasema ni saa moja, weka saa tatu za kuendesha bila kusimama, na mtasimama, maana Magamba pale msitu wenyewe unakuita. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS, wakala wa misitu, ukitaka kuingia ndani kutembea unapita ofisini kwao unalipia na unapewa mtu wa kuwaongoza, usijipenyeze tu kwa njia za pembeni. Tembeeni saa moja na nusu hivi. Mbega mtawasikia kabla hamjawaona, ule mngurumo wao wa kooni, halafu utaona mkia mweupe unaning'inia juu ya mti.

Mkifika upande wa Shume, mwonesheni mtoto ile miti ya mwangati inayonukia kama penseli iliyochongwa. Wajerumani waliipenda sana mbao yake, wakajenga njia ya nyaya za chuma iliyoning'inia kutoka Shume mpaka Mkumbara kule chini kwenye reli, magogo yanashuka hewani. Nikipita na gari yangu kwenye zile kona huwa naelewa kabisa kwa nini hawakujisumbua kuyashusha kwa barabara.

Lukozi nunueni mboga. Karoti, viazi, kabichi, vyote vinatoka shambani siku hiyohiyo. Usinunue mzigo mkubwa mkiwa mnakwenda, gari nzito ni breki za moto, mzigo utanunua mkirudi, mkishamaliza kushuka Mombo.

Upepo wa tairi ni jambo ambalo watu wa mjini hawalijui na ndilo linalobadilisha safari nzima. Ukishaacha lami na njia imeanza kuwa ya mawe na makorongo simama upunguze. Kama ulikuwa na 32 kwa kipimo cha psi shusha mpaka 25 hivi. Tairi likiwa gumu kila jiwe linakupiga mgongoni na gari inarukaruka inapoteza mshiko, likilainika kidogo linalikumbatia jiwe, linapata eneo kubwa zaidi la kushika ardhi, na mtoto nyuma anaweza hata kulala. Ila usizidishe ukashusha mpaka 15 kama wafanyavyo watu wa mchangani, huku kuna mawe yenye ncha na ubavu wa tairi ukiwa laini sana unachanika, na ubavu ukichanika hakuna pancha ya kuziba hapo. Nunua kipimo cha upepo na ile pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Na spea tairi ipime pia, nimekutana na watu wengi wana spea nzuri kabisa lakini haina upepo.

Halafu udongo. Udongo wa Usambara ni mwekundu, mfinyanzi, ukiwa mkavu ni kama saruji na ukilowa ni kama sabuni. Mwezi wa sita masika yanakuwa yamekwisha lakini mwanzoni mwa mwezi kule juu bado kunakuwa na manyunyu na ukungu, kwa hiyo ukiweza sogeza safari iwe mwisho wa mwezi. Na mkiwa njiani mvua ikawakuta nataka ushuke uangalie tairi lako. Hizi tairi za mjini zina mifereji membamba, dakika chache tu tope limeshajaa kwenye mifereji yote, ukilitazama unaona duara jekundu laini linalong'aa kama chungu kinachosubiri kuchomwa, hakuna hata alama moja ya kashata inayoonekana, na hapo fowili haina maana tena, unayo magurudumu manne yanayoteleza badala ya mawili. Ukiona hivo simama pakiwa tambarare. Usisonge mbele kwa kusema "tumebakiza kidogo". Mvua ikikatika na jua likitoka na upepo wa mlimani, saa mbili au tatu tu njia inakuwa inapitika, nimeona mara nyingi sana, na wale waliojitia haraka unawakuta mbele wako mtaroni wanasubiri trekta. Magari ya mboga yanayopita masika yanafunga cheni kwenye matairi na madereva wake wamezaliwa huko, wewe usijilinganishe nao.

Kama mnapanda kilima gari ikagoma katikati, usijaribu kugeuza. Hili nalisema kwa msisitizo maana ndo linalopindua magari. Gari ikiwa imekaa ubavu kwenye mteremko inabiringika. Kanyaga breki, weka R, rudi nyuma moja kwa moja kwa injini, taratibu, usukani umenyooka, mume wako ameshuka anakuongoza akiwa upande unaomwona kwenye kioo, sio nyuma ya gari.

Njia ikiwa na mifereji miwili iliyochimbwa na malori usitumbukie humo, Rav4 haijanyanyuka sana, tumbo litakaa juu ya tuta la katikati na magurudumu yatazunguka hewani. Pitisha tairi moja kwenye tuta la katikati na jingine pembeni juu ya ukingo. Ukikutana na gari kwenye njia nyembamba anayeshuka ndo ampishe anayepanda, maana anayepanda akisimama kuondoka tena ni shida, lakini mabasi ya Mtae usiyapimie sheria, ukisikia honi yao tafuta nafasi upande wa mlima usimame. Na wewe piga honi kila kona isiyoonekana. Kila kona dada, hata kama umepiga ishirini tayari.

Mnatakiwa kufika mnapolala saa tisa alasiri, ikichelewa sana saa kumi. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na mlimani ukungu unaweza kuingia saa kumi na moja ukafuta kila kitu. Mambo kuna sehemu za wageni zinazoruhusu kupiga hema kwa malipo, na kwa mara ya kwanza na mtoto mie ningekwambia laleni hapo, kuna maji na choo. Kama mnataka mahali penu wenyewe, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, salimieni, jieleze, ombeni. Karibu kila kipande cha ardhi kule kina mwenyewe, hata kile kinachoonekana pori ni shamba limepumzishwa. Mkijua "onga maundo" ya asubuhi kwa Kisambaa mtapokelewa kwa kicheko na pengine mkaletewa viazi. Mie sijawahi kukataliwa nilipoomba, ila nilishawahi kuamshwa usiku wa manane na wazee wenye tochi nilipokuwa sijaomba, na walikuwa na haki.

Mahali pa hema kila mtu anataka ukingoni kabisa, pale unapoona tambarare za Mkomazi chini, zaidi ya mita elfu moja chini yako. Kaeni hapo mkae mtazame, kunyweni chai hapo mpaka jua lizame, kukiwa kweupe kabisa asubuhi na mapema mnaweza hata kuuona Kilimanjaro kule mbali. Lakini hema lisifungwe hapo. Ukingoni hakuna kinachokinga upepo na utalipiga hema mpaka asubuhi, na una mtoto anayeamka kukojoa. Rudi nyuma hatua hamsini au zaidi, tafuta kichaka au ukuta wa ardhi unaokinga. Usishuke pia mpaka kwenye kibonde, baridi ni nzito inateremka kama maji na kujikusanya huko, utaamka umelowa umande. Tazama juu, kusiwe na tawi kavu wala mkaratusi mkubwa, mikaratusi inaangusha matawi bila hata upepo. Tazama chini, kusiwe na alama ya maji kupita. Kichwa kiwe upande wa juu wa mteremko.

Baridi. Watu wa Tanga mnajua jua, hii baridi hamuijui. Mwezi wa sita na wa saba usiku kule kwenye mita 1,900 na kitu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kosa la watu ni kubeba mablanketi matatu ya kujifunika halafu chini wametandika mkeka. Baridi inatoka chini. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, na blanketi unalolilalia linabanwa na uzito wako halifanyi kazi. Bora blanketi moja juu na godoro la sponji la inchi tatu chini kuliko kinyume chake. Gari ikijaa magodoro basi tandika maboksi yaliyokunjuliwa, halafu mkeka, halafu blanketi. Soksi kavu za kulalia tu, hizo msizivae mchana. Na kidirisha cha hema acheni wazi kidogo hata kama kuna baridi, pumzi za watu wanne zinageuka maji kwenye turubai na mtaamka mnadondokewa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pote. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Hata kama makaa yamebaki kidogo, hata kama mmeacha mlango wazi, hata kama mtoto anatetemeka. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, mtu anasinzia tu hajui, na familia nzima haiamki. Ndani ya gari pia vilevile. Mtoto akisikia baridi jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, ifunge kabisa, ifunike na soksi nzito, muwekee miguuni, inakaa na joto mpaka alfajiri.

Chakula msikifanye kuwa kazi. Maharage chemsheni Tanga kabisa, kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, yanatokota vizuri unayaona lakini hayaivishi kama huku, nimeona watu wakisubiri maharage mpaka saa nne usiku wakalala na njaa. Makande ya kuivisha nyumbani na kupasha tu, mayai, chapati za kukunja, ndizi, viazi vya Lukozi kwenye majivu. Lushoto mnaweza kupita Irente mkachukua mkate na jibini, vinakaa vizuri kwenye hiyo baridi. Kuni msikate, nunueni kwa wenyeji, mwezi wa sita majani yameanza kukauka na moto wa mlimani unapanda mteremko haraka kuliko mtu anavyokimbia. Ndani ya hifadhi msiwashe kabisa. Mkimaliza mwageni maji, koroga majivu kwa kijiti, mwageni tena, halafu pitisha mgongo wa mkono karibu yake, kama unasikia joto bado haujazimika.

Baada ya kula, zimeni muziki wa simu, chukueni tochi mzunguke na mtoto pole pole kwenye vichaka vya pembeni. Kinyonga akilala rangi yake inapauka, anakuwa mweupe mweupe, na anapenda kulala kwenye ncha ya kitawi chembamba ili nyoka akipanda kitawi kitikisike aamke. Kwa hiyo tochi ikimpiga anang'aa kama jani lililokauka peke yake kati ya majani mabichi. Kuna wale wa pembe mbili, dume lake lina pembe mbili bapa zimetoka mbele ya uso kama makasia, ni kinyonga wa milima hii ya Usambara. Msimguse, msimtoe kwenye kitawi chake, mtazameni sekunde chache mzime tochi. Mie nimeshazunguka na wageni wenye kamera za bei kubwa waliokuja kutafuta wanyama wakubwa, na bado hicho kiumbe cha urefu wa kiganja ndo wanachokisimulia asubuhi.

Kwenye gari usisahau chepe, kamba nene ya kuvutia, jeki na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki maana kwenye udongo laini jeki inazama, maji lita 20 ya kunywa na ya rejeta, tochi mbili, dawa za mtoto. Ramani pakua kwenye simu kabisa, mtandao huko unakuja na kuondoka, na mwambie mtu Tanga mnalala wapi na mnarudi saa ngapi. Hayo mengine utayaona mwenyewe.

Jumapili msiondoke na jua la kwanza, umande ukiwa bado njiani panateleza. Kunyweni chai, kausheni hema, ondokeni saa tatu au nne njia imekauka. Rudini kwa njia mliyojia. Mtu atawaambia kuna njia ya kushuka kutoka Mlalo kwenda Mng'aro mtokee huko tambarare, ni nzuri sana kwa macho, lakini ni mteremko mkali wa kona juu ya kona, na kwa gari isiyo na gia ndogo na dereva wa mara ya kwanza mie siwapi hiyo ruhusa, mwakani labda. Mkifika kwenye lami rudisha upepo mpaka 32 yako kabla hujaongeza mwendo, tairi laini kwenye lami kwa kasi linapata moto na kupasuka. Pale Soni simama nusu saa kabla ya kuanza mteremko wa Mombo, weka 2, fanya kama nilivyokwambia.

Kuhusu mtoto, mchukue. Miaka saba ndo umri wake, anatembea mwenyewe na atakumbuka. Ila zile kona zitamchafua moyo kama atakaa nyuma anatazama simu, kwa hiyo simu hapana, akae katikati ya kiti cha nyuma aone mbele, mkanda umefungwa, asile mafuta mengi asubuhi, mpe tangawizi kidogo, na simamisheni kila baada ya dakika arobaini hata kama hajalalamika. Mbebee nguo mbili zaidi ya unavyodhani inatosha, kofia ya sufu ya kulalia na raba ambazo hujali zikirudi nyekundu, maana ule udongo hautoki.